Mpira Uliosubiri Maghribi

Mama yangu alijifunza mpira akiwa katika eda. Dishi lililokuwa juu ya paa la nyumba yetu lilikuwa la baba. Alilileta akisema anataka kufuatilia habari za dunia, kisha akafuatilia timu moja tu ya Uingereza, ile ya jezi nyekundu, hadi siku alipofariki. Kwa miezi minne na siku kumi mama hakutoka nyumbani. Jioni, zile saa ambazo sauti ya mtangazaji ilikuwa imezoea kukijaza chumba cha juu, kimya kilimwelemea, akaanza kuiwasha televisheni bila kuitazama, ili mradi kelele ile iwepo. Mwaka huo mimi, bintiye, nilikuwa nimerudi Lamu na shahada yangu ya historia na barua ya kufundisha katika shule ya sekondari, na nakiri kwamba nilipomwona ameikazia macho skrini nilidhani ni majonzi tu. Wiki ya sita aliniuliza kwa nini yule mtu wa pembeni ameinua bendera ilhali goli lilikuwa safi. Hapo nikajua kwamba majonzi yamepata wa kushindana naye.

Hakujifunza peke yake. Nyumba yetu na nyumba ya jirani zimeunganishwa na mlango mdogo katika ukuta wa ghorofa ya juu, kama zilivyounganishwa nyumba nyingi za mji wa kale, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Upande wa pili wa mlango huo anaishi somo wa mama. Wawili hao walipewa jina moja, wakazaliwa mwaka mmoja na kuolewa mwaka mmoja, na tangu utotoni hawajawahi kuitana kwa jina hilo: kila mmoja humwita mwenzake Somo. Mimi nikamwita Bi Somo. Alikuja kila siku ya eda kumliwaza mama, na mpira ukamkuta pale pale mkekani. Mama alirithi timu ya baba. Bi Somo alitazama kwa wiki mbili tatu, akauliza mahasimu wakubwa wa hao wekundu ni akina nani, akaambiwa ni wale wa buluu, akawachukua hao. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba yeye na mama wakipenda timu moja watakaa wakitazamana kama wageni.

Eda ikaisha, mpira ukabaki. Wanaume wa mtaa wana ukumbi wao karibu na ufuo, wenye mabenchi na skrini kubwa, na mwanamke hana pa kukaa humo. Habari ilipoenea kwamba kwa mama kuna dishi, mkeka na chai ya tangawizi, wanawake wakaanza kuja, siku nyingine watano, siku nyingine kumi, wakivua viatu chini ya ngazi na kupanda na sahani zao za kaimati. Baadhi yao hawakujua hata timu zinazocheza. Walikuja kwa ajili ya mama na Bi Somo, kwa sababu kuwatazama wale wawili kulikuwa na raha kuliko kuutazama mpira wenyewe. Mama alijitanda leso nyekundu, Bi Somo ya buluu, na waliketi bega kwa bega, kamwe hawakutengana, wakatupiana maneno kwa dakika tisini.

"Somo, huyo kipa wako amefungua ndia kama mlango wa harusi," mama alimwambia siku moja, goli la tatu lilipoingia.

"Ni ukarimu," alijibu Bi Somo. "Wako hawana wanachokaribisha."

Mechi nyingi za Jumapili huanza kwetu saa kumi na moja jioni, na kwa hiyo kipindi cha pili hukutana na Maghribi. Dishi halikumsubiri mtu. Adhana ilipoanza, kwanza msikiti wa karibu, kisha wa pili, kisha wa tatu ukichelewa kidogo kama kawaida yake, mama alipunguza sauti, wanawake wakaingia chumba cha ndani kuswali, na mpira ukaendelea peke yake. Hapo ndipo mpangaji wetu alipopata kazi. Huyu ni muuguzi wa hospitali, Mkristo kutoka bara, anayeishi chumba cha chini na kuitwa Sista na mtaa mzima. Kwa kuwa hakuwa na swala ya kuwahi, mama alimpa cheo cha shahidi. Masharti yalikuwa mawili: atazame bila kupiga kelele, na tukirudi aeleze yaliyotokea bila kuongeza wala kupunguza.

Sharti la kwanza alilitimiza. La pili lilimshinda kabisa. Alisimulia kwa mikono na mabega, akisimama, akipiga magoti, na katika masimulizi yake kona ya kawaida ikawa mkasa, na kipa aliyedaka mpira mwepesi akawa ameruka kama samaki. Siku moja alitueleza penalti iliyokataliwa kwa ufasaha mkubwa hata Bi Somo akafuta machozi, na kesho yake marudio yakaonyesha kwamba mchezaji alijikwaa tu katikati ya uwanja. Mama alimtetea. Alisema shahidi anaeleza alivyoona, na kwamba Sista ana macho mapana. Kwa miaka mingi dakika kumi za kila mechi tuliziona kwa macho hayo, na ninapozikumbuka mechi za wakati ule, zile dakika za Sista ndizo ninazozikumbuka vizuri kuliko zote.

Kisha mwaka mmoja ikaja simu ya Bi Somo, iliyoletwa na mwanawe anayefanya kazi Ras Kitau, katika hoteli moja inayotazamana na Shela. Ilikuwa simu kubwa, yenye kioo kipana, na alinijia nimwelekeze kuitumia. Hapa sina budi kusema ukweli: mimi ndiye niliyemwekea programu ya kutazama mpira. Hakuniomba. Nilitaka kumwonyesha maajabu, kama walimu tunavyopenda kuonyesha maajabu, nikambonyezea hapa na pale hadi uwanja mzima wa kijani ukatokea kiganjani mwake. Aliucheka kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga. Kisha akaufunga, akasema ni mdogo mno, akaenda zake.

Muda si mrefu akasafiri kwenda Tchundwa, kijiji cha kisiwa cha jirani, kwenye harusi ya jamaa zake. Jumapili ile mama alitazama mpira bila mpinzani, na nilimwona mara mbili akigeuza shingo upande wa kulia kutupa neno, kisha akalimeza. Bi Somo aliporudi na boti kutoka bandari ya huko ya Mtangawanda alikuwa na hadithi. Harusini, baina ya kupika na kupakua, alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, karibu na shamba la mihogo, akaiona mechi yote simuni. Alieleza hili kwa furaha isiyo na hila, na mama akamwitikia kwa furaha iliyokuwa na hila kidogo.

Jumapili iliyofuata hakuja. Alituma salamu kwamba miguu inamuuma, atatazamia kwake kitandani. Iliyofuata tena miguu ilikuwa mizima, lakini alikwisha kuzoea. Katika yote yaliyotokea mwaka ule, hili ndilo lililomwuma mama zaidi, kwa sababu hapakuwa na ugomvi wa kusuluhisha. Asubuhi waliendelea kupelekeana sahani, wakaendelea kuulizana hali. Mlango mdogo wa ukutani ulifunguliwa kila siku ya wiki, isipokuwa saa za mpira, na saa hizo ulikaa umefungwa kama haujapata kutumika. Baada ya Bi Somo wakapungua wengine. Huyu alipata simu, yule bintiye alipata simu, na ikafika siku mkekani tulikuwa watatu: mama, Sista na mimi. Mama alipika kaimati zile zile za watu kumi. Alichokitaka kilikuwa dhahiri kwa mtu yeyote aliyeishi nyumbani mle: alimtaka Somo arudi kuliani kwake. Kumwomba, hata hivyo, hakuweza. Aliniambia siku moja, akikunja mkeka, kwamba mtu huombwa arudi alikotoka kwa hasira, lakini aliyetoka kwa starehe yake utamwomba kwa neno gani.

Sikumwambia nani aliyeiweka ile programu, na mpaka leo sina hakika kama hajui.

Wakati huo bado tulikuwa na dishi, na ndipo mama alipogundua jambo ambalo mimi, na shahada yangu, sikulijua. Picha ya dishi ilifika mapema kuliko picha ya mtandao. Ilifika mapema kwa nusu dakika hivi, wakati mwingine zaidi. Tulifunga goli, mama akapiga ukelele, na kupitia mlango mdogo tukasikia, baada ya muda mrefu wa kuchekesha, sauti ya mtangazaji wa Bi Somo ikipanda kueleza goli lile lile. Mara ya tatu Bi Somo aliugonga mlango kwa mpini wa ufagio. Siku ya pili yake alieleza kwa adabu sana kwamba kelele zetu zinamwibia mpira: anajua goli linakuja kabla halijaja, na hana la kufanya ila kulingojea.

Mtu mwingine angepunguza sauti. Mama alianza kushangilia magoli ambayo hayakuwapo. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, hauna habari na mtu, aliinuka mkekani, akapaza sauti, akapiga makofi mawili, kisha akaketi na kutega sikio. Upande wa pili paliingia kimya kizito. Tulimwazia Bi Somo ameinamia simu yake, akihesabu pumzi, akingoja maafa ambayo hayakufika. Baadaye ufagio ukagonga. Sista alicheka hadi akatoka nje kunywa maji. Mimi pia nilicheka, ingawa nilipomtazama mama nilielewa kwamba ilikuwa namna yake ya kumwita mtu bila kumwita.

Kisha hata hila hiyo ikaondoka, kwa sababu mpira wenyewe ulihama. Kwanza zilihama mechi za katikati ya wiki, halafu za Jumamosi, na mwishowe utepe ukapita chini ya skrini kueleza kwamba mechi kubwa ya Jumapili itaonyeshwa mtandaoni tu. Mama aliusoma utepe ule mara tatu kama mtu anayesoma hati ya nyumba. Mechi yenyewe ilikuwa ya wekundu na buluu. Aliniuliza mpira umekwenda wapi. Nikamwambia umekwenda kule kule aliko Bi Somo.

Nilifunga kisanduku cha intaneti ukutani, nikakiunganisha na televisheni, na kwa siku kadhaa tukajizoeza kwa mechi ndogo. Kiduara kilichozunguka katikati ya skrini kilimkera mama sana mwanzoni. Alikisomea dua, akakitishia kwa kidole, akakizoea. Kilichomshangaza kilikuwa kitu kingine. Nilipokuwa nikitafuta sauti nilibonyeza kitufe kisicho chake, na wachezaji wote wakasimama, mmoja mguu juu, mpira umetulia hewani.

"Wamekufa?" aliuliza.

Nikamweleza kwamba mpira wa mtandaoni unaweza kusimamishwa, kisha ukaendelea pale pale ulipoachwa. Akaniomba rimoti, akausimamisha mwenyewe, akauendesha, akausimamisha tena. Kisha akauliza kitufe hicho kina ruhusa ya kukaa kwa muda gani. Nilijua alichokuwa akikipimia.

Jumapili ya mechi alivaa leso nyekundu tangu Adhuhuri. Kaimati zilikuwa nyingi kama zamani, na sahani moja, nilivyoona, haikuguswa na mtu. Sista alitoka kazini na sare yake, akaketi. Mlango mdogo ulikuwa umefungwa, na nyuma yake tulisikia simu ya Bi Somo ikianza kuimba wimbo wa ufunguzi. Sasa tulikuwa karibu sawa naye, tukipishana kwa pumzi moja au mbili. Mama hakushangilia cha uongo. Hapakuwa na faida tena. Wekundu walipofunga kabla ya mapumziko alipiga ukelele wa kweli, akageuka kuliani, na nafasi ile ilikuwa ya mto mtupu. Upande wa pili hapakusikika kitu, hata ufagio.

Dakika ya hamsini na nane adhana ikaanza. Sista kwa mazoea akajisogeza mbele na kujiweka tayari kwa ushahidi. Mama akanyoosha rimoti na kubonyeza. Mpigaji kona wa timu ya buluu akaganda, mkono juu.

"Basi mimi nimefutwa kazi," alisema Sista.

Mama alimwambia kwamba hajafutwa, amepandishwa cheo: sasa ni mlinzi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna habari inayoingia. Alitoa amri kwa mpangilio ambao wakuu wa shule niliofanya nao kazi wangeuonea wivu. Simu zote kikapuni, kifudifudi. Dirisha la upande wa ufuo lifungwe, kwa sababu ukumbi wa wanaume hauna siri. Mtu akibisha hodi, asifunguliwe mpaka mechi iishe. Kisha tukaswali. Ninakumbuka vizuri jinsi alivyoswali. Kwa miaka yote ya dishi, Maghribi ya siku ya mechi ilikuwa sahihi lakini ya haraka, na alikuwa akijua hivyo, na alikuwa akiona haya. Jioni ile aliswali kama mtu mwenye siku nzima. Akaongeza sunna, akaketi na uradi wake, tasbihi ikipita kidoleni pole pole.

Katikati ya uradi ukelele mkubwa ukapanda kutoka ufuoni, ukapenya dirisha lililofungwa. Goli, bila shaka, ila la nani? Mama alipaza sauti ya uradi juu yake, na Sista kule sebuleni akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwao ili tusisikie maneno. Nyumba yetu haijapata kuwa na ibada nyingi kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Tulikuwa ndiyo kwanza tunarudi mkekani mlango mdogo ulipogongwa. Mara tatu, kwa kidole, si kwa ufagio.

"Asifungue mtu," alisema mama.

"Mama, ni Bi Somo."

"Najua ni nani. Ndiyo maana nikasema."

Nilimwelewa, na hapo ndipo nilipoona upumbavu wa hali yetu. Bi Somo alikuwa upande wa pili wa mpira, mbele yetu kwa robo saa. Alikuwa ameona tusiyoyaona, na alikuwa na deni la magoli yote ya uongo aliyongojeshwa. Mama aliamini kwamba amekuja kulilipa kwa neno moja. Kwa hiyo mtu ambaye mama alikuwa amemtegea sikio tangu alipohama mkekani, sasa yupo mlangoni, na mama ameziba masikio kwa leso.

"Somo, fungua," ilisikika sauti.

"Usinene," mama alijibu, akiwa amefumba hata macho. "Ukinena sitakusamehe."

Mlango haukugongwa tena. Nilimtazama Sista, Sista akanitazama mimi. Nilifikiri Bi Somo amekwenda. Nilifikiri pia kwamba akienda sasa, na kuambiwa hivyo, hatagonga tena, na kwamba mama atakuwa amefunga kwa mkono wake mlango ambao kwa muda wote huo hakuna aliyeufunga kwa makusudi. Nikainuka. Lakini sauti ikaja tena, ya chini, karibu sana na ubao.

"Sikuya kunena, Somo. Nimekuya kutazama. Bando limeniishia."

Mama alifumbua macho. Alishusha leso masikioni, akaitengeneza kichwani, akasimama, na alipopita mbele yangu alinisukuma kidogo pembeni ili asipate mtu mwingine kufungua.

Bi Somo aliingia amejitanda leso ya buluu, simu mkononi, midomo ameikaza kama mwenye maji kinywani. Hawakukumbatiana. Mama alimuuliza jambo moja tu, ameona hadi dakika ya ngapi, na Bi Somo akajibu kwamba ya sabini na moja. Sisi tulikuwa ya hamsini na nane. Yalifuata mashauriano. Sista alipendekeza mgeni akae chumba cha ndani hadi tumfikie. Bi Somo alikataa, akasema amekuja kukaa mkekani, na kwamba atatulia asioneshe lolote. Mama alisema haiwezekani, uso ule ameusoma tangu chuo cha Kurani na haujawahi kumficha kitu. Mwishowe Bi Somo mwenyewe alitoa shauri: akaketi kuliani kwa mama, mahali pake, akajifunika leso kichwa na uso mzima, akabaki kama mzigo wa buluu uliosahauliwa.

Simu yake alinipa mimi niiweke kikapuni. Niliipokea, na kabla sijaigeuza niliona uwanja wa kijani, wachezaji wakikimbia bila sauti. Bando lilikuwepo. Nadhani lilitosha mechi mbili. Niliigeuza kifudifudi, nikaifunika kwa simu nyingine, na huo ndio msaada wa pekee wa kiufundi niliowahi kumpa ambao sijuti.

Mama akabonyeza. Mkono wa mpigaji kona ukashuka.

Zile dakika kumi na tatu zilikuwa ndefu, na zenye raha isiyoelezeka. Mama hakuutazama mpira. Aliitazama leso. Kila wekundu waliposhambulia aliichungulia kama itatikisika, na kila buluu walipovuka katikati aliisogezea sikio. Dakika ya sitini na tano leso ikaanza kutetemeka, taratibu, kuanzia mabegani.

"Somo, unacheka."

"Naleta istighfari," ilijibu leso.

Sista aliuma ncha ya mto. Nusu dakika baadaye winga wa buluu akampita beki wetu, akapiga krosi, na mpira ukaingia wavuni. Bao moja kwa moja. Ule ukelele wa ufuoni ulikuwa huo. Mama aliichukua sahani ya kaimati ambayo haikuguswa, akainua pindo la leso na kuipitisha chini yake.

"Ulishangilia kwako?" aliuliza.

"Nilishangilia," alisema Bi Somo huko ndani, akitafuna. "Ukuta haukunijibu neno."

Mama alisogea, ingawa hapakuwa na nafasi ya kusogea, hadi bega lake likagusa bega la buluu. Nimesoma mambo mengi kuhusu namna teknolojia inavyotutenganisha, na mengine nimewafundisha wanafunzi kwa uhakika nisiokuwa nao tena. Dishi lilitupa sote sekunde moja, na mtandao ukampa kila mtu saa yake. Hilo ni kweli. Lakini misikiti yetu haijapata kuadhini katika sekunde moja tangu nizaliwe, na watu hufika safuni.

Saa ya kona ya skrini ilipogonga sabini na moja, leso ya buluu ikashuka. Bi Somo alikuwa na sukari kidevuni na nywele zimemsimama. Alipepesa macho kwa mwanga.

"Hapa ndipo nilipofika," alisema. "Kuanzia sasa sijui kitu, Somo."

"Hata mimi," alisema mama.

Wakaanza. Sijui niliweke vipi jambo hili kwa maandishi. Ilikuwa kama kusikia redio ya zamani ikishika kituo. Beki wa mama alikuwa kipofu, mshambuliaji wa Somo alikuwa amekuja uwanjani kutafuta mchumba, refa alihitaji kupelekwa hospitalini kwa Sista akapimwe macho, na Sista akasema wodi imejaa mashabiki. Mama alimwambia Bi Somo afute sukari kidevuni kabla ya kuzungumza na watu, Bi Somo akamwambia ni yake mama, aifute yeye. Mama akaifuta.

Tulikuwa katika dakika ya themanini hivi wakati ufuo ulipolipuka tena. Kule mechi ilikuwa inakaribia kuisha. Safari hii dirisha halikufaa kitu, kwa sababu watu walitoka ukumbini wakikimbia, na miguu ikapita katika njia iliyo chini yetu. Mama na Bi Somo waliruka kwa wakati mmoja. Mama aliyaziba masikio ya Somo kwa viganja viwili, na Somo akayaziba ya mama, wakabaki hivyo uso kwa uso, kila mmoja akimwambia mwenzake kwa sauti ya juu asisikilize. Sista alijizika kichwa chini ya mto.

Masikio yangu hakuyaziba mtu. Chini ya dirisha mwanamume mmoja alisimama, akamweleza mwenzake kwa ukamilifu nani amefunga, kwa mguu gani, na kipa alikuwa wapi. Nikarudisha macho kwenye skrini, nikatengeneza uso, na kuuliza kama kuna mtu anayetaka chai.